Shilingi Moja ya Deni: Kisa cha Lugha Ndogo ya Makato

Kisa hiki kilianza na shilingi moja. Mzee mmoja, mwanachama wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa kwenye miteremko ya juu ya Moshi, alikuwa amechukua pembejeo kwa mkopo msimu uliotangulia, mavuno yake hayakutosha kulipia, na kwa hiyo akaingia msimu mpya akiwa na deni la shilingi 50,000 ambalo ilikubaliwa alilipe kwa awamu tatu. Stakabadhi aliyochapiwa ofisini ilionyesha kwamba awamu ya kwanza ni shilingi 16,667. Simu ya karani wa mizani, pale alipopeleka kahawa yake ya maganda, ilionyesha 16,666. Mzee hakuwa na ugomvi na shilingi yenyewe, ambayo siku hizi hainunui hata kibiriti. Alichotaka kujua ni kipi kati ya vyombo viwili vya chama kilikuwa kinasema kweli. Lilikuwa swali la haki, na sisi tulioandika programu zote mbili hatukuwa na jibu.

Lugha ya programu tuliyowaandikia, ya kupigia hesabu za makato ya wakulima, ni ndogo. Ina namba kamili tu, kwa kuwa senti hazipiti tena mikononi mwa watu. Ina kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawa. Ina neno «weka» la kuipa namba jina. Ina «ikiwa», «basi» na «vinginevyo» kwa ajili ya masharti. Ina fomula, yaani kanuni fupi inayoitwa kwa jina lake. Na ina neno «chukua», linalopunguza kiasi fulani kutoka kwenye malipo ya mkulima. Tuliibuni kwa sababu viwango vya makato hubadilika kila msimu kufuatana na maamuzi ya mkutano mkuu, na hatukutaka karani mkuu, mama aliyetunza leja kwa mkono kwa miaka mingi kabla ya kompyuta kuingia ofisini, atupigie simu kila mara kiwango kimoja kinapoguswa. Yeye huandika kanuni, na programu huzisoma na kuzitekeleza. Programu ya namna hiyo tutaiita mkalimani. Mimi niliandika mkalimani wa ofisini kwa Python, na mwenzangu akaandika wa simu kwa Java, ambazo ni lugha mbili za kawaida za programu. Wote wawili walisoma faili moja, neno kwa neno, na kwa msimu mzima tuliamini kwamba hilo lilitosha.

Chanzo cha shilingi ile kilipatikana haraka. Deni huandikwa kama salio hasi, na ukigawa -50,000 kwa 3 hupati namba kamili: jibu halisi liko kati ya -16,667 na -16,666, na ni lazima lugha ichague upande. Java, kama maelezo yake rasmi yanavyoagiza, husogea kuelekea sifuri, kwa hiyo hutoa -16,666 na baki ya -2. Alama ya Python ya kugawa namba kamili hushuka kwenye mstari wa namba, kwa hiyo hutoa -16,667 na baki ya 1. Zote mbili zinatii sharti lile lile tulilofundishwa shuleni, kwamba hisa, yaani jibu la kugawa, ikizidishwa kwa kigawanyo na kuongezewa baki lazima irudishe namba ya mwanzo: -49,998 na -2 ni -50,000, na -50,001 na 1 ni -50,000 vilevile. Namba zote zikiwa chanya lugha hizi hazitofautiani hata kidogo, na ndiyo sababu hakuna aliyegundua kitu hadi alipotokea mwenye deni lisilogawanyika. Wala si jambo la kuwacheka wanakijiji. Kiwango cha lugha ya C cha mwaka 1989 kiliacha uamuzi huu kwa mtengenezaji wa kila kompaila, yaani programu inayotafsiri maandishi ya lugha hiyo yawe ya mashine, na ni kiwango cha 1999 kilicholazimisha wote wasogee kuelekea sifuri.

Njia ya mkato ilikuwa wazi: kubadilisha mstari mmoja kwenye programu moja ili zifanane. Mwenzangu aliutaka mstari wangu ubadilike, nami niliutaka wake, na katika mabishano hayo ndipo tulipofungua daftari la mwanzo ambamo lugha ilielezwa. Kuhusu kugawa, daftari lilikuwa na sentensi moja, kwa mwandiko wangu: «gawa hugawanya namba mbili, desimali huachwa.» Ukiacha desimali za -16,666.67 unabaki na -16,666, kwa hiyo ukisoma neno kwa neno, programu yake ilikuwa sahihi na yangu, mimi niliyeandika sentensi hiyo, ilikuwa na kosa. Nilipoiandika nilikuwa nikifikiria kilo na bei, ambazo haziwi hasi. Tatizo letu kwa hiyo lilikuwa kubwa kuliko mstari mmoja. Lugha ile haikuwa na maana yoyote nje ya programu zilizoitekeleza, na programu zilikuwa mbili; kama kugawa kulijificha kwenye sentensi moja ya daftari, hatukuwa na sababu ya kuamini kwamba sentensi nyingine ishirini zilikuwa salama.

Kuandika maana ya lugha ya programu kwa namna isiyotegemea mashine yoyote ni taaluma yenye umri wake, na huitwa semantiki. Mtindo tuliouchagua ni ule ambao Gordon Plotkin aliueleza katika mihadhara yake ya mwaka 1981 huko Aarhus, Denmaki: maana ya programu ni mlolongo wa hatua, na kila hatua huruhusiwa na kanuni iliyoandikwa kufuata umbo la usemi wenyewe, yaani kipande cha programu kinachotoa jibu. Uzuri wake kwetu ulikuwa kwamba unafanana na jinsi karani anavyopiga hesabu kwenye karatasi, mstari chini ya mstari. Kanuni za karatasini, hata hivyo, zina ugonjwa wake: hukaa miaka mingi zikiwa na makosa kwa sababu hakuna anayeziendesha. Mwaka 2012 watafiti walichapisha matokeo ya kuchukua makala 9 zilizotolewa kwenye ICFP ya 2009, mkutano wa wataalamu wa lugha za programu, na kuziandika upya katika zana inayoweza kuendesha kanuni, wakakuta makosa katika zote 9. Kama waandishi wa makala zile walikosea, sisi wa daftari la kaunta tulikuwa na nafasi gani?

Zana waliyoitumia ni Redex, iliyozaliwa miongoni mwa wajenzi wa lugha ya Racket nchini Marekani, wakiwamo Robby Findler, Matthew Flatt na Matthias Felleisen. Mtumiaji huandika sarufi ya lugha yake na kanuni za hatua. Zana huziendesha, huchora hatua zote zinazowezekana, na hutunga programu za nasibu, yaani za kubahatisha, za kujaribia dai lolote alilo nalo mtumiaji. Tukaanza nayo. Nilipoandika kanuni ya «gawa» kwa haraka, nikitumia alama ya kawaida ya kugawa ya Racket, jibu lililotoka halikuwa la ofisini wala la simu. Lilikuwa -50000/3, sehemu nzima isiyokatwa popote, kwa sababu Racket huhifadhi sehemu kama sehemu. Sasa tulikuwa na majibu matatu. Hatari hii John Reynolds alishaieleza tangu 1972: anayeeleza lugha moja kwa kutumia nyingine hurithi tabia za ile anayoitumia kuelezea bila kuziandika, na msomaji hudhani kwamba zimeelezwa.

Modeli ya Redex ilikuwa sahihi baada ya kurekebishwa, lakini ilikuwa na kasoro moja kwa mahitaji yetu. Maana ya makato ni mali ya chama, si yetu, na mwenye mamlaka ya kuikubali ni karani mkuu pamoja na kamati. Nilimwonyesha karani kanuni zile kwenye skrini, akaziangalia kwa heshima zote, kisha akasema, «Mwanangu, mimi hapa naona siafu tu.» Alimaanisha mabano, na kwa kweli yalikuwa mengi. Tukaamua kuandika zana yetu wenyewe, ndogo, inayosoma kanuni zilizoandikwa kwa Kiswahili cha kawaida na kuonyesha hatua moja moja, huku tukiiacha modeli ya Redex iwe shahidi wa pembeni wa kulinganishia. Tuliiandika zana kwa Python, na tukajiwekea sharti kwamba isiazime ugawaji wa Python hata mara moja. Kanuni yake ya muda ilisomeka hivi: gawa ukubwa wa namba ya kwanza kwa ukubwa wa namba ya pili bila kujali alama, acha baki, kisha weka alama ya kutoa endapo moja tu kati ya namba hizo mbili ni hasi. Karani aliisoma mara moja akaielewa.

Hivi ndivyo zana ilivyoonyesha hesabu ya mzee:

weka deni = 0 - 50000 katika deni gawa 3
→ weka deni = -50000 katika deni gawa 3 (kanuni ya kutoa)
→ -50000 gawa 3 (kanuni ya weka)
→ -16666 (kanuni ya gawa)

Mistari minne hii ilipochapishwa na kubandikwa ukutani ofisini, ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu asiyeandika programu kuweza kuweka kidole mahali hasa ambapo shilingi ilipotea. Karani aliweka kidole chake kwenye mshale wa mwisho.

Zana ikishaeleza maana, swali linalofuata ni nani atakayeithibitisha zana. Tulifuata njia mbili zinazojulikana. Ya kwanza ni majaribio ya nasibu, ambayo Koen Claessen na John Hughes waliyapa umaarufu mwaka 2000 kwa zana yao ya QuickCheck: badala ya mtu kubuni mifano kwa kichwa chake, kompyuta hutunga maelfu ya programu na kuangalia kama dai fulani linashika katika zote. Ya pili ni kuwapa wakalimani kadhaa programu moja na kusaka mahali wanapotofautiana, kama William McKeeman alivyoeleza mwaka 1998. Njia hii ya pili ina nguvu ya kutisha: watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah waliripoti mwaka 2011 kwamba kwa kutunga programu za C kwa nasibu na kuzilinganisha kwenye kompaila mbalimbali walikuwa wamegundua makosa zaidi ya 325 yasiyojulikana kabla. Sisi tulikuwa na mashahidi wanne: zana mpya, modeli ya Redex, na wakalimani wawili wa zamani. Tuliwasha majaribio jioni moja, tukaenda kulala.

Asubuhi kila kitu kilikuwa kimepita. Hakuna tofauti hata moja kati ya zana yetu na Redex, na, jambo lililopaswa kutushtua mapema zaidi, hapakuwa na tofauti hata kati ya mkalimani wa ofisini na wa simu, ambao tulijua kwa yakini kwamba wanatofautiana. Mwenzangu ndiye aliyeligundua hilo akiwa anakunywa chai. Majaribio yasiyoweza kugundua kosa unalolijua tayari hayawezi kukuambia lolote kuhusu makosa usiyoyajua, na kwa bahati yetu kosa moja tulilijua.

Tukaongeza kaunta kwenye kila kanuni ya zana, kama Redex inavyoweza kufanya, ili tuone ni mara ngapi kila kanuni imetumika kweli. Kaunta ya «gawa» kwa namba hasi ilikuwa sifuri. Mtungaji wetu wa nasibu alikuwa akiokota vipande vya sarufi bila kujali kama jina linalotumika limewahi kupewa namba. Kwa hiyo programu karibu zote zilikuwa za aina ya «jumlisha bei na sukari» ambamo bei haijulikani na sukari haijulikani. Mkalimani wa kwanza alikwama hatua ya kwanza, wa pili akakwama hatua ya kwanza, na chombo chetu cha kulinganisha kikaandika kwamba wamekubaliana. Kweli walikuwa wamekubaliana, kama watu wawili wasiojua njia wanavyoweza kukubaliana kwamba wamepotea.

Marekebisho yalikuwa ya kazi kuliko zana yenyewe. Mtungaji mpya hubeba orodha ya majina yaliyokwisha kupewa namba na kuchagua humo tu. Hutunga namba hasi kwa makusudi. Na huepuka kutunga kigawanyo kilicho sifuri, kwa kuwa programu nyingi zilifia hapo na kutuharibia majaribio. Baada ya hapo tofauti ya Python na Java ilijitokeza ndani ya sekunde chache, jambo lililotupa faraja kwamba sasa nyavu zina matundu ya ukubwa unaofaa. Lakini Redex na zana yetu ziliendelea kukubaliana, na kaunta zote zilikuwa zimejaa. Tukakaribia kutangaza kwamba kazi imekwisha.

Kilichotuzuia ni kanuni halisi ya karani. Msimu ule alikuwa ameandika fomula ya kugawa kitu nusu kwa nusu, na kwa uangalifu wake akaipa namba 2 jina:

fomula nusu(x) = weka k = 2 katika x gawa k

Kwake k ilikuwa kigawanyo. Mahali pengine kwenye faili lile lile, k ilikuwa kilo:

weka k = 840 katika nusu(k)

Nusu ya kilo 840 ni 420, na mtoto wa darasa la pili anaijua. Zana yetu ilisema 1. Redex ilisema 420. Sababu ni kwamba zana yetu ilipokuta jina la fomula ilifungua mwili wake na kubandika k ya kilo mahali pa x, ikapata «weka k = 2 katika k gawa k», na tangu hapo kilo zote zikawa 2; ukigawa 2 kwa 2 unapata 1. Jina la mgeni limemezwa na jina la mwenyeji. Wanamantiki wanaujua mtego huu tangu Alonzo Church alipobuni hesabu yake ya lambda, mfumo wa kuandika fomula na kubandika vitu mahali pa majina, katika miaka ya 1930, na dawa yake ni ya zamani vilevile: kabla ya kubandika, badilisha jina la ndani liwe jipya ambalo halipo kokote. Redex haikuanguka kwa sababu tulikuwa tumeiambia ni majina yapi yanafungwa na «weka», nayo hubadilisha majina yenyewe. Sisi tulikuwa tumesoma habari hizi chuoni, tukajibu mtihani, tukafaulu.

Swali lililotusumbua zaidi ni kwa nini maelfu ya programu za nasibu hazikuliona kosa hilo. Jibu lilikuwa kwenye adabu ya mtungaji: kila alipohitaji jina aliunda jipya, j1, j2, j3 na kuendelea, ili tusichanganyikiwe tunaposoma matokeo, na kwa hiyo majina mawili hayakuwahi kugongana. Wanadamu hawaandiki hivyo. Karani hutumia k, b na d kwa kila kitu, kama mimi na wewe. Tulipomlazimisha mtungaji atumie majina matatu tu kwenye programu nzima, alirudi na mfano wa kosa lile lile kabla hatujainuka vitini, tena mfupi kuliko wa karani. Nimejifunza kutoiamini zana ya majaribio inayotunga programu safi kuliko zile zinazoandikwa na watu wake.

Kosa la tatu halikuwa kosa la zana, na ndilo lililochukua muda mrefu zaidi. Neno «chukua» hupunguza malipo ya mkulima na kurudisha kiasi kilichopatikana. Kama fedha hazitoshi, hurudisha zilizopo. Tuseme mkulima anastahili 10,000, anadaiwa pembejeo 8,000, na mchango wa mfuko wa elimu ni 5,000. Ukianza na pembejeo, pembejeo inapata 8,000 na mfuko unapata 2,000 zilizobaki. Ukianza na mfuko, kila upande unapata 5,000. Sarufi ya hatua tuliyoiandika ilisema kwamba sehemu yoyote ya usemi inaweza kupiga hatua wakati wowote, bila kutaja upande wa kuanzia, kwa hiyo zana, ikiwa tiifu, iliorodhesha majibu mawili. Redex nayo ilitoa mawili, kwa sababu niliiandika kwa uzembe ule ule. Mashahidi wawili walikubaliana kabisa kwamba maana haijulikani.

Wakalimani wa zamani hawakuwa na shida hii: Java na Python zote huanza kushoto, nasi tulirithi tabia hiyo bila kuijua, ilhali kama mmoja wetu angeandika kwa C asingekuwa na ahadi ya namna hiyo, kwani C haiamui ni upande upi wa kujumlisha unaotangulia. Kilichonishangaza ni jinsi jumla ilivyoficha jambo zima. Makato ya karani kwa kawaida hujumlishwa, na 8,000 na 2,000 ni 10,000, kama vile 5,000 na 5,000. Jibu la mwisho linafanana. Kinachotofautiana ni nani amelipwa. Ni mpaka mtungaji alipotunga usemi wa kutoa, ambao hakuna karani angeuandika, ndipo 6,000 na 0 zilipotokea kwenye skrini moja. Tokea siku ile zana hulinganisha salio la kila mfuko mwishoni pamoja na jibu.

Hapa kazi yetu ya ufundi ilifika ukingoni. Kuandika «kushoto kwanza» ni mstari mmoja, lakini kama pembejeo itangulie mfuko wa elimu au la si jambo la kuamuliwa na watu wawili wenye kompyuta, na ilibidi kamati ikae. Waliamua kwa mpangilio wa kanuni ulivyo kwenye faili, pembejeo ikiandikwa juu. Yaani walichagua kushoto kwanza, lakini safari hii kwa kujua. Kuhusu shilingi, waliamua kwamba awamu mbili za kwanza zikatwe kuelekea sifuri na awamu ya mwisho ibebe kilichobaki, kwa hiyo mzee wetu angelipa 16,666, kisha 16,666, kisha 16,668. Ukijumlisha unapata 50,000 kamili, kitu ambacho hakuna programu yetu yoyote ya zamani iliyokuwa inakitoa: ya ofisini ilikuwa ikimzidishia shilingi moja, na ya simu ilikuwa ikikipunja chama shilingi mbili. Mkalimani wa ofisini ndiye aliyebadilishwa kwenye ugawaji, yaani mstari wangu. Wote wawili waliongezewa kanuni ya awamu ya mwisho.

Kabla ya kukabidhi, tulifanya jaribio moja la makusudi. Tuliiharibu zana kanuni moja baada ya nyingine, tukigeuza alama, tukibadilishana matawi ya «ikiwa», tukifuta kanuni nzima, na kila mara tukaangalia kama majaribio yanalia. Yalilia karibu kila mara. Uharibifu uliopona bila kugunduliwa ulikuwa wa kubadilisha «chini ya» kuwa «chini ya au sawa na», kwa kuwa namba mbili za nasibu zilizookotwa kutoka kwenye mamilioni ni nadra sana kuwa sawa. Tukamwelekeza mtungaji apende namba ndogo na kurudia zile alizokwisha kuzitumia, na uharibifu huo nao ukaonekana.

Siku ya kukabidhi, karani alikaa na kurasa za kanuni zilizochapishwa, kalamu mkononi, akizisoma kwa sauti ya chini kama anayekagua leja. Kwenye ukurasa wa kugawa alisimama. Kuna makato, alisema, ambayo yeye huyagawa kwa kilo ili kupata wastani wa kila kilo, na kuna wakulima ambao siku fulani huja kwenye mizani na kahawa yao ikakataliwa yote kwa unyevu. «Hao kilo zao ni sifuri. Hapa kanuni yenu inasema nini?»

Haikusema kitu. Maelfu ya programu hayakuwahi kuuliza, kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa tumemkataza mtungaji asitunge kigawanyo cha sifuri. Tulijaribu palepale: mkalimani wa ofisini alisimama na ujumbe wa kosa, programu ya simu ikafunga, na zana yetu ikaonyesha usemi uliokwama usio na mshale chini yake. Tuliandika kanuni mpya pamoja naye mezani, kwa maneno yake: usemi wowote ukigawanywa kwa sifuri huwa kosa, kosa husimamisha hesabu ya mkulima huyo mmoja tu, na salio lake hubaki kama lilivyokuwa kabla ya hesabu kuanza. Kisha tukarudi Moshi mjini kumwondolea mtungaji katazo lake, na mwenzangu akabadilisha ujumbe wa simu usomeke: «Kilo sifuri. Mwite karani.»